Kazi za Mtandaoni Nairobi na Ujio wa Akili Mnemba

Kazi za mtandaoni zilianza kuwa tegemeo la vijana wengi wa Kenya baada ya mwaka 2009, mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Sasa mhitimu asiye na ajira aliweza kuandika makala za tovuti, kunukuu mazungumzo yaliyorekodiwa, au kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, kazi iliyovunja kanuni za vyuo lakini ikalipa kodi ya nyumba.

Hakukuwa na shule ya kazi hiyo. Anayeanza aliandika chini ya mwenye akaunti yenye sifa, akapata sehemu tu ya malipo ya mteja, na kazi mbovu ikarudishwa airekebishe. Unyonyaji ulikuwamo. Hata hivyo ndimo wengi walimojifunza kutafuta marejeo na kuheshimu muda wa mteja, hadi wakafungua akaunti zao.

Wengine waliingia katika kuweka lebo, hasa kupitia Samasource, kampuni iliyoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008. Mfanyakazi hufungua picha ya barabara, akazungushia mstari kila gari, kila mtembea kwa miguu na kila alama, kisha akakipa kila kimoja jina lake. Mstari ukiacha nafasi pembeni, picha hurudishwa. Kwa picha kama hizo kompyuta hufundishwa kuona. Mwishoni mwa 2021 vijana wa Nairobi walianza kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unajisi kwa ajili ya OpenAI, kampuni ya akili mnemba. Jarida la Time liliripoti Januari 2023 kwamba walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Ni ujira wa kudhalilisha kwa kazi iliyowaumiza akili.

ChatGPT, mashine ya kampuni hiyo inayoandika matini, ilitolewa Novemba 2022. Makala fupi na insha, yaani fungu la anayeanza, ndizo mashine ilizoziweza mapema. Wazoefu waliweza kugeukia kuhariri matini yake. Mgeni alikosa mteja na pa kujifunzia. Kuweka lebo nako hakukuwa kimbilio: Machi 2024 jukwaa la kazi hizo la Remotasks liliifungia Kenya ghafla, huku kazi mpya za kusahihisha majibu ya mashine zikizidi kutaka wanasheria, madaktari na wanahisabati.

Kabla ya hapo, Mei Mosi 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kukagua na kuainisha maudhui walikuwa wamekutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao.