UZI: Setilaiti ndogo zitaleta intaneti kila kijiji?

1/ Kila kampeni zikikaribia lazima mtu apande jukwaani aseme tuachane na kuchimba mitaro ya fiba, setilaiti zitamaliza kazi. Mpinzani wake anajibu eti hiyo ni ndoto. Mimi naona wote wawili wameruka historia. Twende pole pole.

2/ Setilaiti si kitu kigeni kwetu. Kituo cha Longonot kilifunguliwa 1970. Hadi 2009, karibu mawasiliano yote ya Kenya na ng'ambo yalipitia angani. Setilaiti zenyewe zilikuwa karibu kilomita 36,000 juu, kwa hivyo ujumbe kwenda na kurudi ulichukua nusu sekunde hivi. Na bei? Wale wa saiba za kulipia kwa dakika mnajua.

3/ 2009 mikongo ya SEACOM na TEAMS ikatua Mombasa. Hapo ndipo intaneti ya mjini ilianza kushuka bei. Fiba ndiyo iliyotutoa huko, tusisahau.

4/ Wazo la setilaiti nyingi zinazozunguka karibu na dunia ni la miaka ya 1990. Iridium ilirusha 66, ikaanza biashara ya simu Novemba 1998. Agosti 1999 ikafilisika. Teledesic ilipanga setilaiti 840 za intaneti, 2002 ikasimamisha kazi. Mitambo ya Iridium ilifanya kazi vizuri tu. Hesabu ndiyo ilikataa.

5/ Nini kimebadilika? Roketi sasa inarudi na kutumika tena, na setilaiti zinaundwa kwa wingi kiwandani. Mei 2019 Starlink ilirusha 60 kwa mpigo. Zinazunguka kama kilomita 550 juu, kwa hivyo hata simu ya video haikwami. Julai 2023 huduma ikafika Kenya.

6/ Lakini setilaiti moja inahudumia eneo kubwa, na wote walio chini yake wanagawana uwezo uleule. Novemba 2024 Starlink ilisitisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Kwa hivyo mahali watu wamebanana, fiba inashinda. Mahali boma moja na lingine ni mwendo wa saa nzima, kama Turkana au Marsabit, dishi linashinda.

7/ Tena msichanganywe na Taifa-1 iliyorushwa Aprili 2023. Ile ni ya kupiga picha za ardhi. Haileti intaneti.

8/ Basi akija mtu kuahidi dishi kwa kila shule, mimi nitamuuliza matatu tu. Nani atalipa ada ya mwezi kamera zikishaondoka? Umeme wa kuliwasha utatoka wapi? Na pesa hizo zinatolewa kwa fiba ya nani? Dishi kununuliwa ni siku moja. Bili inakuja kila mwezi, na mtoto wa shule ndiye atazimiwa.