Amrish Puri: Mwovu wa Filamu Aliyelelewa na Jukwaa

Watazamaji wa filamu za Kihindi katika Afrika Mashariki wanajua kwamba steringi hubadilika kila mara. Kwa miaka mingi, hata hivyo, adui aliyekumbukwa zaidi alikuwa Amrish Puri. Katika makala haya tunaidurusu safari yake, kwa kuwa ina funzo kwetu sisi tunaofundisha lugha.

Puri alizaliwa tarehe 22 Juni 1932 katika jimbo la Punjab, India. Kaka yake, Madan Puri, alitangulia kuwa mwigizaji wa filamu. Mwaka 1954 Amrish naye alijaribiwa kwa nafasi ya mhusika mkuu, akakataliwa kwa sababu ya sura yake kavu. Akaajiriwa katika shirika la serikali la bima ya wafanyakazi, akatumika huko kwa takribani miaka 21.

Jukwaa ndilo lililomwokoa. Katika miaka ya 1960 aliigiza tamthilia chini ya waongozaji kama Satyadev Dubey. Jukwaani hakuna kamera ya kuusogeza uso karibu na mtazamaji. Mwigizaji hutegemea pumzi, matamshi na vituo. Huko ndiko sauti yake nzito ilikofundwa, hata mwaka 1979 akatunukiwa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, taasisi ya kitaifa ya sanaa za maonyesho.

Filamu zilimpokea akikaribia umri wa miaka 40. Shyam Benegal alimpa nafasi katika Nishant (1975) na Manthan (1976). Mwaka 1984 aliigiza kuhani Mola Ram katika Indiana Jones and the Temple of Doom ya Steven Spielberg.

Kilele kilikuwa Mr. India (1987), alimoigiza Mogambo. Jina hilo lisitupotoshe: Kiswahili kina mgambo, hakina mogambo. Tunachopaswa kukizingatia ni sentensi yake fupi ya kutangaza kwamba amefurahi. Maneno ni ya furaha, kiimbo ni cha kitisho. Katika Dilwale Dulhania Le Jayenge (1995), sauti hiyohiyo ilikuwa ya baba mkali ambaye mwishowe anauachia mkono wa binti yake. Puri alifariki dunia tarehe 12 Januari 2005, akiwa na umri wa miaka 72.

Je, tunajifunza nini? Aghalabu sisi walimu hukigusia kiimbo kwa dakika chache, kisha tukarejea kwenye ngeli. Matokeo yake, mwanafunzi anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili huweza kupata alama nzuri katika mtihani wa kuandika, lakini ombi lake sokoni likasikika kama amri. Tunapendekeza tamthilia zisomwe kwa sauti darasani, sentensi moja ikitamkwa kwa furaha, kwa kejeli na kwa kitisho. Aidha, nafasi ya mhusika mwovu apewe yule mwanafunzi ambaye hakuna aliyemfikiria. Huenda sauti yake inasubiri jukwaa tu.