Matumizi ya Serikali na Siasa za Vyama katika Mageuzi ya Uchumi: Mfano wa Kalima, Maniema

Mageuzi ya uchumi ni mabadiliko yanayofanywa kwa makusudi katika sheria, kodi, sarafu na umiliki wa mali ili nchi izalishe zaidi, au igawane kwa haki zaidi kile inachozalisha. Karibu kila mara mageuzi hayo hugusa kwanza matumizi ya serikali, yaani fedha ambazo dola hulipa kwa ajili ya mishahara, huduma, ujenzi na madeni. Na kwa kuwa mwenye madaraka ndiye anayeamua nani alipwe leo na nani angoje, siasa za vyama huingia katika hesabu hata pale ambapo wataalamu wanadhani wanashughulikia tarakimu tu. Kalima, mji wa machimbo ya bati katika wilaya ya Pangi, jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (zamani Zaire), yapata kilomita 100 mashariki ya Kindu, makao makuu ya jimbo, unastahili kuangaliwa kwa karibu katika suala hili, kwa sababu kwa miongo mingi huduma za umma za mji huo zilibebwa zaidi na kampuni kuliko hazina ya taifa.

Kampuni hiyo ilikuwa Symétain, iliyoundwa mwaka 1932 wakati wa ukoloni wa Wabelgiji ili kuchimba kasiteriti, madini yanayotoa bati, katika nchi ya Warega. Pamoja na machimbo ilijenga nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, barabara na kituo cha umeme wa maji cha Lutshurukuru, kwa hiyo mtoto wa Kalima aliyezaliwa, kusomeshwa na kutibiwa mjini hapo alikuwa na uhusiano mdogo sana na bajeti ya serikali. Mwaka 1976 Symétain iliunganishwa na makampuni mengine ya Kivu na Maniema, ikawa SOMINKI, ambamo dola ya Zaire ilikuwa na asilimia 28 ya hisa na wawekezaji binafsi waliobaki wakawa na asilimia 72. Mpango huo ulikuwa na udhaifu ambao haukuonekana wakati bei ya bati ilipokuwa nzuri: matumizi ya umma yalikuwa yamefichwa ndani ya vitabu vya kampuni, na yeyote ambaye angepunguza gharama za kampuni angekuwa anapunguza, bila kura wala mjadala, hospitali na shule za mji mzima.

Kinshasa nako hali ilikuwa imekwisha kubadilika. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza sera ya kuwapa wananchi biashara za wageni, na sehemu kubwa ya mali hizo ikaangukia mikononi mwa wakuu wa MPR, chama pekee cha siasa, ambacho katiba ya mwaka 1974 ilikifanya kuwa kitu kimoja na dola. Mwaka huohuo wa 1974 bei ya shaba iliporomoka, madeni yakavimba, na kuanzia mwaka 1976 Zaire ikaingia katika mfululizo wa mikataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambayo kila mmoja ulidai nakisi ya bajeti ipunguzwe, nakisi ikiwa ni kiasi ambacho matumizi huzidi mapato. Mwaka 1978 shirika hilo lilimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal kusimamia Benki Kuu. Aliondoka mwaka uliofuata, na katika ripoti yake ya mwaka 1982 alieleza kwamba wakopeshaji wasitegemee kulipwa maadamu ofisi ya rais inachota fedha za nchi bila kizuizi. Septemba 1983 thamani ya sarafu ya nchi, zaire, ilishushwa kwa zaidi ya robo tatu. Jambo ambalo programu hizo hazikulikabili ni kwamba katika dola ya chama kimoja kupunguza matumizi hakumaanishi kupunguza ubadhirifu: kilichokatwa ni mishahara ya walimu na matengenezo ya barabara, vitu visivyo na mlinzi ndani ya chama, na kilichobaki ni malipo yanayonunua utii.

Pigo la Kalima lilitoka nje. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua akiba ili kushikilia bei, liliishiwa fedha, biashara ya bati katika soko la London ikasimamishwa, na bei ikaanguka. SOMINKI haikupona tena, na wengi waliokuwa wakiishi kwa mshahara wake wakageukia uchimbaji mdogo wa mikono. Serikali, iliyokuwa mwanahisa, haikuwa na fedha wala nia ya kuchukua hospitali na shule zilizokuwa zikilelewa na kampuni. Hii ndiyo sehemu ya historia inayopaswa kuumiza zaidi, kwa kuwa hakuna waraka wowote wa mageuzi uliowahi kuandika kwamba Kalima ifungiwe huduma zake. Zilitoweka kwa sababu hazikuwamo katika bajeti ya mtu yeyote.

Mfumo wa chama kimoja ulipokomeshwa tarehe 24 Aprili 1990, vyama viliongezeka kwa mamia, lakini hazina ikawa uwanja wa vita. Agosti 1992 Kongamano la Taifa, mkutano wa kupanga mpito kutoka mfumo wa chama kimoja, lilimchagua Étienne Tshisekedi wa chama cha upinzani cha UDPS kuwa waziri mkuu, huku Mobutu akiendelea kuishika Benki Kuu. Mwanzoni mwa mwaka 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5 ambayo Tshisekedi alikuwa ameitangaza kuwa si halali. Wafanyabiashara wakaikataa, askari wakaasi na kupora, na watu wengi wakauawa. Oktoba mwaka huohuo zaire mpya ilianzishwa, na Kasai, ngome ya upinzani, ikakataa kuitumia. Mwaka 1994 mfumuko wa bei, yaani kasi ya kupanda kwa bei kwa jumla, ulizidi asilimia 9,000. Sarafu yenyewe ilikuwa imegeuka kadi ya chama, na hakuna mageuzi yanayoweza kusimama juu ya sarafu ya namna hiyo.

Mwaka 1997 SOMINKI ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na SAKIMA, ambayo kampuni ya Banro ya Kanada ilimiliki asilimia 93 na dola asilimia 7. Julai 1998 Rais Laurent-Désiré Kabila, aliyechukua nafasi ya Mobutu, aliufuta mpango huo. Siku chache baadaye vita vikaanza, na waasi wa RCD wakaiteka Maniema. Makubaliano ya mwaka 2002 kati ya kampuni hiyo na serikali yaliiachia Banro machimbo ya dhahabu na yakairudishia dola SAKIMA pamoja na bati lake, bila mtaji wa kuichimbia.

Kuanzia mwaka 2001 serikali ya rais mpya, Joseph Kabila, ilikubali kanuni rahisi na ngumu, kwamba hazina isilipe kisichoingia, na mfumuko wa bei ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 500 mwaka 2000 hadi takribani 16 mwaka 2002. Uchaguzi wa mwaka 2006 ulipokaribia matumizi yalipita mipaka na programu ya Shirika la Fedha ikakoma bila kukamilika. Nidhamu ilirudi chini ya Augustin Matata Ponyo, mzaliwa wa Kindu, waziri wa fedha tangu mwaka 2010 na waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016, ambaye alisimamia malipo ya watumishi kupitia benki na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Sifa hiyo anastahili. Hata hivyo, Septemba 2010 rais alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na kwa miezi sita Kalima ilikosa biashara yake kuu.

Kwa mji kama huu swali zito ni fedha ngapi hurudi. Katiba ya mwaka 2006 inaamuru majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, yakatwe palepale kabla hayajafika Kinshasa; katika utekelezaji fedha hupanda kwanza, kisha hushuka kidogo na kwa kuchelewa, kwa hiyo gavana analazimika kuomba kile ambacho ni haki ya jimbo lake. Marekebisho ya katiba ya Januari 2011 yalimwongezea rais uwezo wa kuvunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana, na kumfanya mwombaji huyo awe mnyonge zaidi. Sheria ya madini ya mwaka 2018 ilijaribu njia nyingine: mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji mwenye leseni kwa thamani ya madini, hugawanywa asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali penye machimbo na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na fungu la mahali hulipwa moja kwa moja. Tatizo ni kwamba nyingi ya mamlaka hizo za mahali huongozwa na watu walioteuliwa, na madiwani walipochaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya mwaka 2006, Desemba 2023, kura ilipigwa katika manispaa za makao makuu ya majimbo, Kindu ikiwamo, lakini si katika miji midogo ya machimbo kama Kalima.