Uhakiki wa Itifaki za Usimbaji Fiche

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Ujumbe huu si mgeni kwa wenye simu Ikwiriri, awe mnunuzi wa ufuta au wakala mwenye kibanda kando ya barabara ya Kilwa. Tapeli anayeutuma hana namba ya siri ya mtu yeyote. Anachotegemea ni kwamba ujumbe hausemi umetoka kwa nani.

Kompyuta nazo hutapeliwa vivyo hivyo, na ndiyo sababu kuna taaluma ya uhakiki wa itifaki za usimbaji fiche. Usimbaji fiche ni kuufunga ujumbe usisomwe ila na mwenye ufunguo. Itifaki ni utaratibu waliokubaliana wanaowasiliana: nani aanze, atume nini, ajibiwe nini.

Danny Dolev na Andrew Yao walichambua mfano huu mwaka 1983. Kwa ufunguo wa mtu, yeyote anaweza kufunga, ila mwenyewe tu anaweza kufungua. Asha anaifunga siri kwa ufunguo wa Bakari, anaandika jina lake mwenyewe juu, anatuma. Bakari anafungua, kisha anaifunga siri ileile kwa ufunguo wa mwenye jina la juu na kuirudisha, ijulikane kuwa imefika. Zuberi, aliye njiani, anaudaka ujumbe, anafuta jina la Asha na kuandika lake. Bakari anaifunga siri kwa ufunguo wa Zuberi na kumpelekea! Hakuna ufunguo uliovunjwa. Dawa ni jina la Asha kufungiwa ndani pamoja na siri.

Ili kuhakiki itifaki kama hiyo, tendo la kufunga tuliandike kwa herufi moja, la kufungua kwa nyingine. Zikikutana za mtu mmoja, zinafutana. Hapo itifaki imekuwa kanuni za kuunga herufi, yaani sarufi. Linabaki swali moja: je, Zuberi anaweza kuunda mfuatano ambao herufi zake zote zitafutana, ibaki siri tupu? Mwaka 1982 Dolev, Shimon Even na Richard Karp walionyesha kuwa kwa itifaki za watu wawili kurudishiana ujumbe namna hii, kompyuta hulijibu haraka.

Sarufi hii wengine huiita "sarufi rasmi". Mimi naona "rasmi" inamrudisha msomaji kwenye barua za serikali. "Sarufi ya kanuni" inaeleweka zaidi.

Njia nyingine ya uhakiki ni ugeuzaji wa programu. Itifaki na adui wake huandikwa kama programu moja, kisha programu hiyo hugeuzwa hatua kwa hatua bila kubadili maana, mpaka ionekane wazi kama tawi la "siri imevuja" linafikika au la.

Wapo wanaosema "majaribio ya itifaki" badala ya "uhakiki". Hapana. Itifaki moja ya Roger Needham na Michael Schroeder ilichapishwa mwaka 1978, na wataalamu waliiamini hadi mwaka 1995, Gavin Lowe alipoonyesha jinsi mtu wa tatu anavyoweza kujifanya mwingine. Marekebisho yake yalikuwa kuongeza jina moja katika ujumbe wa pili. Jaribio hupima njia ulizozikumbuka. Uhakiki hupima zote ambazo adui anaruhusiwa kuzipita. Watunga istilahi wasiyachanganye maneno hayo mawili.