Kaburi la Hanga liko wapi?

Mwaka 1969 Morogoro ilipokea wageni wengi kuliko kawaida yake. Kuanzia tarehe 25 Aprili hadi tarehe mosi Mei, chama cha ANC cha Afrika Kusini, kilichokuwa kimepigwa marufuku na serikali ya Makaburu tangu 1960, kilifanyia hapa mkutano wake mkubwa wa mashauriano chini ya Oliver Tambo. Historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika haiandikwi bila kuutaja mji huu, na sisi tunaokaa Kilakala, chini ya mteremko wa Uluguru, tunalisema hilo kwa fahari.

Mwaka huohuo Watanzania wawili, Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, walikabidhiwa na serikali ya Dar es Salaam kwa serikali ya Zanzibar. Walivushwa bahari wakiwa chini ya ulinzi, wakituhumiwa kula njama ya kumpindua Rais Abeid Amani Karume. Hawakuonekana tena. Hakuna kesi iliyosikilizwa mbele ya watu, na hakuna maiti zilizokabidhiwa kwa jamaa zao. Inakubalika karibu kila mahali kwamba waliuawa. Walipolazwa hapajulikani mpaka leo.

Hawakuwa watu wa pembeni. Othman Shariff alikuwa katika safu ya mbele ya siasa za Visiwani tangu miaka ya 1950. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha ZPPP, kisha akarudi chama cha Afro-Shirazi (ASP). Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar, na baadaye balozi wetu Washington.

Hanga, aliyezaliwa mwaka 1932, alipanda zaidi. Alikuwa amesoma Moscow na alikuwa msemaji hodari wa mrengo wa kushoto wa ASP. Mapinduzi yalipofanikiwa akawa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, na baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 akawa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Alikuwa rafiki wa Oscar Kambona, waziri aliyekuja kukosana na Nyerere, na urafiki huo ulimgharimu. Mwaka 1967 Kambona alikimbilia London. Hanga, ambaye naye alikuwa ameshatoka serikalini, alikwenda Guinea kwa Sékou Touré, lakini alirudi nyumbani kabla mwaka haujaisha, akakamatwa. Januari 1968 alitolewa kizuizini akasimamishwa mbele ya umati wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, huku Rais Nyerere akimsema hadharani. Wengi waliokuwepo uwanjani siku ile hawakumwona tena.

Alikuwa ameacha mtoto Moscow. Alipokuwa masomoni alimwoa Lily Golden, msomi wa historia ya Afrika, ambaye kisa cha ukoo wake kinatosha kitabu. Baba yake, Oliver Golden, alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Mississippi aliyeongoza kundi la wataalamu weusi wa kilimo cha pamba kwenda Uzbekistan mwaka 1931, akabaki huko. Lily na Hanga walipata binti, Yelena, aliyezaliwa tarehe mosi Mei 1962. Baba yake alipopotea alikuwa na miaka 7. Alikulia kwa mama yake, akawa mwandishi wa habari na mtangazaji maarufu wa televisheni nchini Urusi, na anatumia jina la baba yake, Khanga. Mwaka 1992 alichapisha Marekani kitabu kuhusu ukoo wake, Soul to Soul, na humo anasimulia pia safari yake ya kuja kwetu kuwatafuta ndugu wa baba. Ndugu wapo. Kaburi la kuzuru halikuwepo.

Naomba msomaji atulie kidogo hapa, maana mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa wakubwa na nyumba zilizoachwa hazitajwi. Katika Uislamu mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Je, ahesabu kuanzia lini, ikiwa hakuna aliyemwambia mumewe amekufa siku gani? Mirathi igawanywe kwa ushahidi gani? Maiti haikuoshwa na jamaa, haikukafiniwa, wala watoto hawakuweka udongo kwa mikono yao. Na Hanga na Shariff hawako peke yao. Saleh Saadalla na Abdulaziz Twala, nao wakiwa viongozi wa Mapinduzi, walichukuliwa katika miaka hiyohiyo ya Karume, na makaburi yao hayajaonyeshwa. Tarehe 7 Aprili 1972 Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi. Kaburi lake linajulikana na kila mwaka husomewa dua, kama inavyostahili. Hao wengine nao wanastahili dua penye kaburi.

Wapo wanaosema mambo ya zamani yaachwe. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama majirani zetu wasingejaribu. Uganda, tarehe 21 Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alinyakuliwa na askari akiwa Mahakama Kuu mjini Kampala, na mwili wake haujapatikana hadi sasa. Lakini mwaka 1974 Idi Amin mwenyewe, kwa shinikizo la dunia, aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea, ikiongozwa na Jaji Mohamed Saied. Tume ile iliandika visa 308. Amin hakuitekeleza ripoti, lakini majina yaliandikwa na familia zilisikilizwa. Inauma kukiri kwamba katika jambo hili serikali ya Amin ilifika mahali ambapo sisi hatujafika.

Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi, na hapo hadithi inarudi Morogoro. Upande wa pili wa mji, Mazimbu, palipokuwa shamba la mkonge, ANC walijenga chuo walichokipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Makaburu walikataa azikwe kwao Mamelodi. Tarehe 6 Aprili 1993 mabaki yake yalifukuliwa Atteridgeville yakazikwa upya Mamelodi. Baadaye nchi hiyo iliunda kikosi maalumu ndani ya ofisi yake ya mashtaka, ambacho tangu 2005 kimekuwa kikipekua madaftari ya polisi na ya makaburi, kuwahoji askari wa zamani, kufukua, kupima mifupa na kuikabidhi kwa wenyewe. Mazimbu penyewe pana makaburi ya wakimbizi waliofia hapa, kila moja na jina lake. Mgeni aliyefia Morogoro ana jiwe lenye jina, na aliyewahi kuwa Makamu wa Rais Zanzibar hana.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kupotezwa kwa nguvu, uliopitishwa mwaka 2006, unazipa familia haki ya kujua ukweli. Sidai mtu apelekwe mahakamani. Waliotoa amri wengi wameshakufa. Ninachodai ni karatasi na mahali. Watu hawa hawakutekwa njiani na wasiojulikana: serikali moja iliwakabidhi kwa serikali nyingine. Makabidhiano ya namna hiyo huacha maandishi, iwe amri ya kumtoa mtu kizuizini, jina la aliyesaini, daftari la gereza lililompokea au kumbukumbu za waliokaa kuamua. Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kuwa kipindi ambacho baada yake nyaraka za umma hufunguliwa, isipokuwa zile zilizozuiwa kwa sababu maalumu. Kwa majalada ya 1969, miaka hiyo ilitimia 1999. Kwa hiyo ombi la kwanza liende Dar es Salaam na la pili Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. La tatu liende kwa askari na walinzi waliokuwa kazini mwaka ule: aliyekuwa na miaka 25 sasa ameshavuka 80. Huyo ahojiwe kwanza, kabla ya majalada, maana jalada linaweza kusubiri.