Gari la Umeme Lililokataa Ufunguo, na Betri ya Enzi za Babu

Nimepotea siku nyingi, najua. Kazi ya kuandika programu humeza mtu. Leo naweka programu kando kidogo niwasimulie historia ya kuwasha gari, historia niliyojifunza nikiwa nimepiga magoti vumbini huko Rongai.

Mjomba wangu ana gari dogo la umeme lililotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Ndiyo teksi yake, na ndiyo karo ya watoto. Jumatatu moja alfajiri alikanyaga breki, akabonyeza kitufe, na dashibodi ikamwambia kwamba ufunguo haujulikani. Taa za onyo zikamweka mara mbili tatu, kisha kimya. Ufunguo ni ule ule wa jana! Fundi aliyeitwa akasema kompyuta ya gari imesahau ufunguo, hivyo ni lazima afute funguo zote na kuziandika upya. Bei aliyotaja ilikuwa karibu mapato ya mwezi mzima. Mjomba akanipigia simu: "Mpwa wangu, si wewe ni mtu wa kompyuta? Njoo uone haya maajabu."

Kabla sijawaambia nilichokikuta, turudi nyuma miaka mia moja na ushei.

Mwanzoni mwa karne ya 20, gari la petroli liliwashwa kwa nguvu za mkono. Ulisimama mbele ya gari, ukazungusha handeli, na injini ikirudi nyuma ghafla, handeli iliweza kukuvunja mkono. Gari la umeme halikuwa na shida hiyo: uliingia, ukasukuma mkono wa mwendo, ukaondoka. Ndiyo maana lilipendwa mijini Marekani. Hata Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha Detroit Electric ya mwaka 1914!

Lakini kufikia wakati huo mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Mhandisi Charles Kettering, aliyewahi kutia mota ya umeme kwenye mashine za kuhesabia pesa dukani, alikuwa ametengeneza stata ya umeme, na Cadillac ikaiweka katika magari yake ya mwaka 1912. Stata hiyo ilitegemea betri ya risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Handeli ikaanza kusahaulika. Stata haikuwa sababu pekee, kwani magari ya petroli yalikuwa yakishuka bei pia, lakini ililinyang'anya gari la umeme sifa yake kubwa. Kufikia miaka ya 1930 magari ya umeme yalikuwa karibu yametoweka barabarani.

Ufunguo nao ukawa na safari yake. Mwaka 1949 Chrysler ilileta ufunguo wa kuzungusha ambao uliwasha injini moja kwa moja. Ulikuwa chuma tu, na wezi walijua kuunganisha waya. Mwaka 1986 Corvette ikapata ufunguo wenye kipande kidogo cha kuzuia umeme. Gari lilipima ukinzani wake, na kulikuwa na thamani 15 tu. Yaani nywila yenye majibu 15! Miaka ya 1990 zikaja chipu zinazojibu kwa redio, na kuanzia Oktoba 1998 Umoja wa Ulaya ukadai magari mapya yawe na kizuizi cha kielektroniki. Hata hizo hazikuwa ngome. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na RSA Laboratories walivunja chipu moja iliyotumika sana, kwa sababu siri yake ilikuwa ya biti 40 pekee.

Leo ukibonyeza kitufe, antena ndani ya gari humuuliza ufunguo, "wewe nani?" Ufunguo ukijibu sawasawa, kompyuta hufunga relei kubwa zinazounganisha betri kuu, yenye mamia ya volti. Gari likizimwa, relei hizo huachia kwa ajili ya usalama. Sasa sikilizeni: antena, kompyuta na relei, vyote huamshwa na betri ndogo ya volti 12. Na katika magari mengi ya umeme, ikiwemo la mjomba, hiyo ni ile ile ya risasi na asidi!

Turudi Rongai. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilichomeka kisomaji, nikaona misimbo ya hitilafu zaidi ya kumi, nikaifuta yote kabla ya kuiandika. Mimi ninayewagombeza wenzangu kazini kwa kufuta kumbukumbu za mfumo! Ndipo nikaanza upya, polepole. Ufunguo wa pili: kosa lile lile. Nikagusisha ufunguo kwenye kitufe, kwa sababu chipu yake husomeka hata betri yake ikifa: bado. Basi funguo mbili haziwezi kuugua siku moja. Nikapima betri ndogo: volti 11.4, na mjomba alipobonyeza kitufe ikaanguka chini ya 9. Betri nzima iliyopumzika huwa na takriban 12.6.

Tukaunganisha waya kutoka betri ya gari la jirani. Kitufe kikabonyezwa, gari likaamka, ufunguo ukatambulika. Kompyuta haikuwa imesahau chochote, ilikuwa na njaa tu. Na fundi angeanza kuandika funguo upya kwa umeme dhaifu namna ile, kazi ingeweza kukatika katikati na kuiharibu kompyuta kweli. Betri mpya ilimgharimu mjomba sehemu ndogo tu ya bei ya fundi, na Jumanne alikuwa barabarani.

Ni kichekesho cha historia, sivyo? Betri iliyosaidia kulitoa gari la umeme barabarani miaka ile, leo inalizuia kutoka nyumbani. Kwa hivyo gari likikuambia halikujui, usikimbilie kubadilisha ufunguo. Pima volti kwanza, jaribu ufunguo wa pili, andika misimbo kabla ya kuifuta, ndipo uitane fundi.

Haya, tukutane tena panapo majaliwa. Kwaherini!