Tishu: Mkusanyo au Mkusanyiko?

Mwanafunzi wa biolojia hukaririshwa mapema kwamba tishu ni mkusanyiko wa seli zinazofanana, zenye kazi moja. Mwalimu akitaka kueleweka zaidi huleta mfano wa nyumba: seli ni tofali, tishu ni ukuta, ogani ni chumba. Mfano umezoeleka mno hata hakuna anayeuliza fundi yuko wapi.

Kiswahili chenyewe kinauliza. Mashairi yaliyokusanywa na mhariri ni mkusanyo. Watu waliojijia wenyewe uwanjani ni mkusanyiko. Ufafanuzi wa darasani hutumia neno la pili, kisha mfano wa tofali hulifundisha kana kwamba ni la kwanza. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba neno limepatia, na tofali ndilo limekosea.

Kuhusu historia hakuna ugomvi. Robert Hooke alieleza vijumba alivyoviona kwa hadubini katika kipande cha kizibo mwaka 1665. Schleiden na Schwann wakaijenga nadharia ya seli mwaka 1838 na 1839. Virchow akasisitiza kwamba kila seli huzaliwa na seli. Jambo dogo tu husahaulika: kizibo ni gome lililokufa. Alichokiona Hooke ni kuta ambazo wenyewe walishahama.

Ushahidi mzito zaidi kwamba seli hujikusanya zenyewe ulitoka baharini. Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alichukua sifongo mwekundu aitwaye Microciona, akamkatakata, akavifunga vipande katika hariri laini, ya aina iliyokuwa ikishonewa nyavu za kunasa vijidudu vya baharini, kisha akakamua ndani ya bakuli la maji ya bahari. Kilichopenya kilikuwa wingu jekundu la seli mojamoja na vifungu vidogo vya seli. Wingu likatua chini kama mashapo. Ukuta uliobomolewa namna hiyo ungebaki kifusi. Seli zile zilianza kutambaa; zilizogusana zikashikana, mabonge yakanenepa, na baada ya siku kadhaa palikuwa na sifongo wadogo wenye mifereji ya kupitisha maji. Na alipochanganya seli za spishi mbili, hazikuungana kuwa mnyama mmoja. (Wakulima wa sifongo wa Jambiani, Unguja, ambao hutundika vipande kwenye kamba hadi kila kimoja kikue, huenda wasishangae sana.)

Mpinzani atasema sifongo hana tishu halisi, hivyo hathibitishi chochote. Pingamizi hilo lilijibiwa mwaka 1955. Townes na Holtfreter walitenganisha seli za viinitete vya amfibia kwa maji yenye alkali, wakachanganya zile za ngozi na zile za neva, wakarudisha maji katika hali ya kawaida. Seli zikachambuana: za ngozi zikahamia nje, za neva zikaingia ndani. Hakuna aliyezipanga.

Ubishi wa kweli ni wa nini huzichambua. Malcolm Steinberg, katika miaka ya 1960, alidai inatosha seli kutofautiana kwa nguvu ya kushikana, kama mafuta na maji yanavyojitenga. Albert Harris alimpinga mwaka 1976: seli si tone la mafuta, ina nguvu zake, hujivuta na kujikaza. Harris alikuwa na haki katika hilo, lakini hakuliangusha wazo kuu. Masatoshi Takeichi alizitambua protini za kushikana zinazohitaji kalisi, kadherini, na mwaka 1988 kundi lake likaonyesha kwamba seli zilizopewa kadherini za aina mbili tofauti hujitenga zikichanganywa. Kila upande humtafuta wa kwake.

Mimea inadai haki yake. Seli zake hazitambai. Baada ya kugawanyika hubaki zimegandishwa kwa gundi iitwayo pektini pale pale zilipozaliwa, na hapo tofali halipotoshi sana. Ila mwanafunzi hufundishwa tofali hilohilo anapofika kwenye ngozi, ini na ubongo wake.

Damu nayo huitwa tishu, ingawa seli zake huelea. Hata hivyo, penye jeraha seli nyeupe hunata kwenye ukuta wa mshipa, hubingirika, husimama, kisha hupenya zikaingia nyamani.